Namna ya kuwatafsiria watu filamu ya mauaji bila kumtoa muuaji

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, hakuwa na shida na filamu za kupigana. Ngumi haina lugha. Shida ilianza siku niliyoweka filamu ya fumbo la mauaji, zile ambazo mtu mmoja kafa na wengine wanane wamekaa sebuleni wanaongea. Dakika ya kumi akaniuliza, "Wanasemaje hao?" Nikamwambia. Dakika ya kumi na moja akauliza tena. Ilipofika nusu nilikuwa natafsiri kila neno, na majirani wawili waliokuja kuomba chumvi walikuwa wameshakaa mkekani. Ilikuwa hapa hapa Ngamiani, Tanga, na tangu siku ile kila Jumamosi baada ya isha ua wetu hauna nafasi ya kuweka hata ndoo.

Nimefundisha Kiingereza shule ya msingi miaka ishirini na sita. Nikadhani kutafsiri filamu ni kujua Kiingereza basi. Sivyo. Wale vijana wanaotafsiri kwenye mabanda ya video wana kazi yao na ninaiheshimu: wanakutambulisha steringi ni yupi, wanamsimanga adui, wanatia chumvi, watu wanacheka na wanatoka wameridhika. Filamu ya fumbo haikubali hivyo. Ukishasema "huyu ndiye adui" filamu umeizika kabla ya maiti. Kazi yako ni kumpa mtazamaji kila alichopewa yule anayejua Kiingereza, kwa dakika ile ile, si mapema, si baadaye, wala si zaidi.

Nimeulizwa na wengi namna ya kufanya. Haya ndiyo ninayoyafanya.

Itazame mara mbili peke yako

Mara ya kwanza tazama kama mtu mwingine yeyote, bila kalamu. Unachotaka hapo ni kumbukumbu ya ujinga wako: ulimshuku nani kwanza, ulimwacha lini, nani ulimpenda bure. Kumbukumbu hiyo haipatikani tena ukishajua mwisho, kwa hiyo ukimaliza tu iandike.

Mara ya pili kaa na daftari. Mimi huchora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto naandika maneno ambayo lazima yatoke kama yalivyo, kwa sababu yatarudi: saa, rangi ya gari, dawa, jina la hoteli. Kulia naandika vitu vinavyoonekana bila kusemwa, kama glavu juu ya meza au simu isiyowekwa sawa. Vya kulia sivitaji kabisa. Mtazamaji ana macho. Ukisema "angalieni ile glavu" umeshamtegulia.

Kinachovuja zaidi ya maneno ni sauti. Niliwahi kuweka filamu yenye muuguzi aliyekuwa akimlea mzee tajiri. Nilishajua kwamba mwisho ndiye yeye, na bila kukusudia nikawa namsemea kwa upole uliopita kiasi, kana kwamba namficha chini ya khanga. Haikufika nusu, bibi wa nyumba ya pili akasema, "Ni huyo muuguzi. Mwalimu unamsema kwa huruma mno." Watu wakanyamaza, halafu wakaanza kuongea habari zao za arusi. Filamu ilikuwa imekwisha na saa nzima imebaki. Nililala vibaya usiku ule, kwa sababu wanawake wale wameacha watoto na vyungu wakaja, nami nimewaibia kitu kimoja walichokuja kukitafuta.

Tangu hapo kila mtu kwenye filamu nampa sauti niliyomsikia nayo mara ya kwanza, siku ya ujinga. Muuaji simbadilishii sauti mpaka yeye mwenyewe abadilike kwenye kioo.

Kiswahili kinaficha, na Kiswahili kinatoboa

Hapa ndipo kazi ilipo.

Mzungu hawezi kirahisi kumsimulia mtu bila kusema kama ni mwanamume au mwanamke. Sisi tunasema "alikuja, akafungua mlango, akatoka", na hakuna anayejua. Hiyo ni neema na ni mtego. Filamu ikijitahidi kuficha jinsia ya muuaji, utaona maneno yao yanapinda na kujikunja, lakini yetu yatapita laini bila mtu kugundua kwamba kuna kilichofichwa. Lakini shahidi akisema kwa Kiingereza kwamba aliyekimbia alikuwa mwanamke, na wewe ukatafsiri tu "nilimwona mtu anakimbia", umemnyima mtazamaji ushahidi. Mwisho ukifika atasema filamu imemdanganya, kumbe ni wewe. Sema "mwanamke" waziwazi pale filamu ilipoitoa, na mara hiyo moja inatosha.

Majina ya undugu ni mabaya zaidi. Wao wana neno moja kwa ami na mjomba. Wewe lazima uchague, na ukichagua umeshasema jambo kubwa. Hapa Tanga sema "ami wa marehemu" na kila mama kwenye mkeka atapiga hesabu ya mirathi papo hapo, kwa sababu ami yumo katika warithi kama marehemu hakuacha warithi wa kiume walio karibu naye zaidi, kama mtoto wa kiume, baba au ndugu wa kiume. Sema "mjomba" na watamwacha apite, maana mjomba yuko mbali na mali. Basi kabla ya usiku wa kuonyesha, tafuta ndani ya filamu yule ni ndugu wa baba au wa mama. Mara nyingi jina la ukoo linatosha kukuonyesha. Isipojulikana, nasema "ndugu mkubwa wa familia" na kuendelea. Vilevile kaka na mdogo wake: Kiingereza hakijali nani katangulia kuzaliwa, sisi tunajali, na katika filamu ya urithi anayetangulia kuzaliwa anashukiwa tofauti. "Ndugu yake" ni neno la kushukuru Mungu. Linafunika wote.

Kuna mahali Kiswahili kinakupa kitu kizuri kabisa. Wao wana neno wanalolitumia kwa mbia wa biashara na kwa mtu wa mapenzi pia, na waandishi wa mafumbo hulichezea sana. Sema "mwenzangu". Linabeba yote mawili bila kujigongagonga. Mara ya kwanza nililitumia, wifi yangu akauliza, "Mwenzake wa nini?" Nikafurahi moyoni, kwa sababu hilo ndilo swali mwandishi alilotaka liulizwe.

Halafu saa. Kugeuza saa tano za usiku kunaweza kuvuruga filamu nzima kama muuaji anajitetea kwa saa. Saa zote ziandike daftarini kwa Kiswahili kabla, usizigeuze pale pale huku watu wanakutazama. Na siku nazo! Hili nililijua kwa kuchelewa. Bibi zetu wanahesabu siku tangu jua kuzama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule tunaolala Alhamisi tukaamka Ijumaa. Filamu ikisema mauaji yalitokea Ijumaa usiku, nawe ukasema "usiku wa Ijumaa", nusu ya ua itakuwa imesogeza mauaji siku nzima nyuma. Mtu aliyekuwa safarini atakuwa yupo, na aliyekuwepo atakuwa safarini. Sema "usiku wa kuamkia Jumamosi". Ni maneno marefu lakini hayamwachi mtu njiani.

Waambie mambo matatu kabla hujawasha

Kuna mambo ambayo wenyewe wa filamu wanayajua tangu utotoni na hawayasemi. Usipoyatanguliza, watu watabishana nayo badala ya kutafuta muuaji.

La kwanza ni wasia. Kwetu Waislamu wasia ni theluthi, na mrithi hausiiwi. Kule mtu anaweza kuandika nyumba na mashamba yote kwa mtumishi wake akawaacha watoto mikono mitupu. Niliwahi kusahau kulieleza hili, na katikati ya filamu mama mmoja akasimama kabisa: "Haiwezekani, karatasi hiyo batili!" Alikuwa na haki kwa alichokijua. Lakini karatasi ile ndiyo iliyokuwa sababu ya kuua, na kwa sababu yeye aliifuta kichwani, hakuiona sababu mpaka mwisho.

La pili ni maiti kukaa siku tatu, wiki, bila kuzikwa. Inawaumiza watu, na mimi pia. Eleza mapema kwamba inapasuliwa kutafuta kilichomuua, waseme "inna lillahi" yao, na mwendelee. La tatu ni bima ya maisha, na hiyo inaeleweka haraka.

Kitendawili, tega

Filamu zilizotengenezwa kwa televisheni zina umbo lake, tofauti na za sinema. Zilijengwa ili zikatwe na matangazo ya biashara. Kwa hiyo kila baada ya dakika kumi hivi au kumi na tano jambo linapanda, mtu anafungua mlango au anaokota kitu, kisha kioo kinakuwa cheusi. Ukiitazama kwenye diski matangazo hayapo, lakini weusi ule umebaki. Wengi wanaupita. Mimi nauheshimu kama mapumziko ya mpira.

Kioo kikiwa cheusi nabonyeza rimoti isimame, nasema, "Kitendawili!" Wanaitika, "Tega!" Natega swali moja tu, na jibu lake lazima liwe limeshapita machoni mwao. "Aliyepiga simu alijuaje kwamba dirisha limevunjika?" Wakishindwa wananipa mji, kama ilivyo ada. Mtu ananipa Pangani. Nakwenda Pangani, napokewa vizuri, nakula samaki na wali wa nazi, nakunywa dafu. Halafu sitegui. Nasema jibu limebaki ng'ambo ya mto, pantoni haijarudi, na nawasha filamu. Filamu ndiyo itakayotegua. Hiyo ndiyo tofauti pekee na kitendawili cha nyumbani, na wameizoea. Sasa wananipa miji ya karibu makusudi ili nirudi haraka: Muheza, Mkinga, Amboni.

Usifanye muhtasari hapo. Muhtasari ni mahali pengine muuaji anapovujia, kwa sababu utakachokiacha kitaonekana umekiacha.

Jibu likitoka kabla ya kitendawili

Sasa niseme habari ya filamu iliyonifundisha kuliko zote. Jina lake ni Prescription: Murder, iliyoandikwa na Richard Levinson na William Link. Ilikuwa mchezo wa jukwaani mwaka 1962, kisha ikatengenezwa filamu ya televisheni, ikaonyeshwa Marekani na kituo cha NBC tarehe 20 Februari 1968. Ina daktari wa magonjwa ya akili anayemnyonga mkewe, na mwanamke mwingine anavaa mavazi ya mke na kupanda naye ndege ili watu waseme mke alikuwa hai. Sijatoboa kitu. Filamu yenyewe inakuonyesha haya yote mwanzoni.

Watu wangu walikasirika. "Mwalimu, umetega na umetegua mwenyewe!" Mmoja akaanza kutafuta kandambili zake. Na mpelelezi hajatokea bado, anachukua karibu nusu saa kutokea. Nusu saa hiyo ilinitoa jasho.

Kisha akaingia mpelelezi, Luteni Columbo, anayeigizwa na Peter Falk, mtu wa adabu, asiye na haraka, anayeuliza vitu vidogo kama hajui kitu. Bibi wa nyumba ya pili akajiweka sawa. "Huyo ni mjuzi," akasema. "Anajifanya mjinga." Wanamjua mtu wa namna hiyo. Kila mtaa una mzee anayekaa barazani na kahawa yake, anauliza habari za mtoto, habari za shamba, na ukiinuka umeshamwambia siri yako.

Kumtafsiri huyo ni kazi ya heshima. Kila neno lake kwa daktari lazima liwe na "bwana daktari" au "samahani sana", wala usimfanye mkali hata anapobana. Mkewe anamtaja mara kwa mara. Mimi namsemea kama wanaume wa zamani wa hapa wanavyosema, bila kumtaja mke: "nyumbani kwangu wanasema..." Wanawake walipenda sana. Wiki zilizofuata, nilipoweka nyingine za Columbo, waliuliza huyo mke ataonekana lini. Haonekani, katika zote. Na lile lake la kufika mlangoni akageuka, nimelitafsiri hivi: "Samahani, jambo moja tu, nimesahau." Leo hakuna anayeaga uani kwetu bila kulisema.

Kwa hiyo filamu ya namna hii, inayokuonyesha muuaji mwanzoni, itangulize kwa swali jingine. Waambie hivi: leo hatutafuti nani. Leo tunatafuta kakosea wapi. Ukilisema kabla ya kuwasha, hakuna atakayetafuta kandambili. Mimi sikulisema, na nusu ya lawama za usiku ule zilikuwa zangu. Huko Marekani nako watazamaji walimpokea vizuri yule luteni, maana filamu ya pili ilifuata Machi 1971, na mfululizo wake ukaanza Septemba mwaka ule ule.

Madogo ya uani

Kaa pembeni ya tivii uwatazame watu, si nyuma yao. Spika ipunguze maneno yakianza, ipandishe muziki ukirudi. Watoto walale kwanza. Mtu ambaye ameshaiona filamu mpe kazi ya kugawa kahawa na kashata, mdomo wake utakuwa na shughuli. Umeme ukikatika usishawishike kusimulia mwisho, hata wakikuapia. Wapigishe kura gizani: kila mtu anataja anayemshuku na sababu yake. Hizo zimekuwa dakika bora za Jumamosi zetu nyingi. Na usikate filamu ukawaambia waje wiki ijayo. Mfululizo wa Dallas uliwaacha watu wakingoja tangu Machi hadi tarehe 21 Novemba 1980 kujua nani alimpiga risasi J.R., mhusika wake mkuu, na Wamarekani wapatao milioni 83 wakatazama usiku ule. Lakini hao walikuwa na kitu cha kungojea pamoja, nchi nzima. Mtaa mmoja ukingoja wiki moja, Jumanne kuna aliyeitazama kwenye simu ya mjukuu wake, na Jumatano wote wanajua.

Sisi hatutozi kitu. Ukitaka kutoza kiingilio hilo ni banda, na banda lina vibali vya Bodi ya Filamu na haki za wenye kazi. Vifuatilie kwanza.

Usiujaze ukimya

Nimeliweka hili mwisho kwa sababu ndilo gumu kuliko yote. Mtafsiri anaogopa ukimya. Kioo kinaonyesha mtu anatembea, hakuna anayeongea, na watu wamekutazama, basi unajikuta unasema, "Sasa anaingia ndani, anaweka begi..." Usiseme. Katika fumbo lililotengenezwa vizuri, mahali pasipo na maneno huenda ndipo palipo na kila kitu.

Katika filamu ile ya mwaka 1968, daktari anarudi kutoka safari yake ya Acapulco, anafungua mlango wa nyumba yake, anaingia. Daftarini sikuwa nimeandika chochote upande wa kushoto, kwa sababu hakuna kilichosemwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nijaze. Sijui nini kilinizuia, labda kikohozi cha mtu. Kukawa kimya, na katika kimya kile bibi wa nyumba ya pili, ambaye hajui neno la Kiingereza, akasema, "Mbona hakuita? Mtu anatoka safari, anaingia kwake, haiti hata 'jamani hodi'?"

Muda si mrefu luteni akamwambia daktari hilo hilo: ulipoingia hukumwita mkeo.

Ua ulilipuka. Wanaume waliokuwa wamekaa barazani nje, wanaojifanya hawasikilizi, wakachungulia dirishani kuuliza kuna nini. Ilinibidi nirudishe nyuma mara tatu, yule mlango ufunguke tena, na kila ukifunguka wanawake kumi na tisa wanaitikia kwa sauti moja, "Hodi!"